Namna ya Kusifiwa kwa Injini Ambayo Hukuinunua

Jumapili, kwenye misitu ya Uingereza wanakocheza airsoft, ule mchezo wa vita wa bunduki za gololi za plastiki, macho yote humfuata mwenye bunduki ya injini ya hewa na mtungi wake mgongoni. Unataka yakufuate wewe, ila mfuko umetoboka? Sogea nikunong'oneze.

1. Usinunue injini mpya. Hiyo ya hewa uliyo nayo ndani ya bunduki, iwe ya kampuni ya PolarStar au ya Wolverine, bado ina maisha. Chomoa mtungi, fyatua hewa iliyobaki, kisha toa nozo uikague oringi, ile pete yake ya mpira. Ikiwa imekauka au ina mkwaruzo, hapo ndipo presha inapotorokea. Weka mpya, paka grisi ya silikoni kidogo. Wenzako waambie, “Nimeshusha injini.” Hujadanganya.

2. Badilisha mpira wa hopapu. Huo ndio unaoisugua mgongoni ile gololi ya plastiki ya milimita 6, ikatoka inajizungusha kinyumenyume na kuelea mbali. Ukichakaa, gololi huenda mrama hata injini iwe ya bei gani. Uzuri wake, umejificha ndani. Sifa zote zitakwenda kwa injini na mwenye injini.

3. Panda uzito wa gololi. Gololi ya gramu 0.20 huyumbishwa na upepo mdogo tu, ya 0.30 hushika njia. Rekebisha hopapu, halafu waache waseme una shabaha ya kuzaliwa nayo.

4. Banisha hewa. Kwenye kidhibiti cha umeme, punguza kidogo kidogo milisekunde ambazo solenoidi, ile vali ya umeme, huachia hewa, mpaka kasi ya gololi ianze kushuka, kisha rudi hatua moja. Wenzako wakikimbilia kujaza mitungi, wewe bado uko uwanjani unatamba.

5. Presha usiichezee. Hapa ujanja unakoma. Sheria ya Uingereza ya 2017 inaruhusu jouli 1.3 kwa bunduki ya mfululizo na 2.5 kwa ya moja moja. Ukizidisha, kisheria hiyo si airsoft tena. Na kwenye injini ya hewa, gololi nzito hubeba nguvu zaidi, hivyo pima kwa ile ile unayochezea. Jicho la mtu halina spea.

6. Ukipigwa, inua mkono upesi, toka ukitabasamu. Muungwana husifiwa hata akishindwa.

7. Ukiulizwa siri, sema kweli: ni oringi na mpira. Hawataamini. Wataagiza injini mpya, na ya zamani watakuuzia kwa bei ya kutupa. Ichukue. Dawa yake unaijua.