Sifa za Baiskeli Iliyoziba Barabara

Kati ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, madereva wana kero zao za kudumu: vumbi jekundu la kiangazi, utelezi wa masika, ng'ombe, na kona ambazo lori halina budi kuzichukua zote. Lakini waulize ni kitu gani kinawachelewesha kuliko vyote, watakutajia baiskeli ya mizigo. Hiyo ndiyo ninayokuja kuisifu.

Utaikuta mbele yako kwenye mpando. Imening'iniza mikungu ya ndizi pande zote mbili hadi karibu na ardhi, au imebeba magunia ya mkaa yaliyopanda juu kupita kichwa cha mwenyewe, au mbao zilizofungwa kwa kukingama zikaifunga njia kushoto na kulia. Mwendeshaji humwoni, unaona mzigo unakwenda. Mpando ukizidi, anashuka. Mkono mmoja unashika usukani, mwingine unakaza mti uliofungwa nyuma ya kiti, mgongo unainama, anasukuma. Nyuma yake basi la Kigoma linaingia gia ya kwanza. Nyuma ya basi kuna gari la shirika linaloelekea kambi ya Nyarugusu, na nyuma ya hilo pikipiki zinatafuta upenyo. Injini zote hizo, na abiria wote wale wenye haraka zao, wanakwenda kwa mwendo wa mtu mmoja aliyevaa katambuga.

Mtu huyo anastahili kuongoza msafara. Sababu zangu nimezitoa kwa mabingwa wakubwa wa mbio za baiskeli duniani.

Wapenzi wa mchezo huo hawachoki kupanga nani alikuwa mkubwa kuliko wote, na hesabu zao zinajulikana. Eddy Merckx wa Ubelgiji ana Tour de France 5, Giro d'Italia 5, Vuelta ya Hispania 1, ubingwa wa dunia mara 3, na ushindi 525 kwa jumla. Bernard Hinault na Jacques Anquetil wa Ufaransa wana Tour 5 kila mmoja, na Miguel Indurain wa Hispania alizitwaa 5 mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995. Lance Armstrong alikuwa na 7, zikafutwa zote mwaka 2012 kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, na hapo mjadala wake ukaisha. Hesabu hizo ni nzuri, ila zina upungufu mmoja: zinatuambia nani alifika wa kwanza, hazituambii alifika na nini. Huku Buha, nchi ya Waha, hilo ndilo swali lenyewe. Mtu akiingia sokoni Makere na baiskeli yake, hakuna anayemuuliza ametumia saa ngapi njiani. Watu wanatazama keria.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: alibeba nini, alimbebea nani, na alikuwa juu ya baiskeli ya namna gani.

Sheria ya mchezo huo kimataifa inataka baiskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8. Baiskeli ya Phoenix inayotumika huku, ikiwa tupu, ina uzito zaidi ya mara mbili ya huo, kabla fundi hajaichomelea keria ya nondo na kuiongezea vyuma vya kushika fremu. Juu yake linapanda gunia la mahindi la kilo 100, na likiwa limejazwa lumbesa, kilo hizo zimepitwa. Gia hakuna. Breki, mara nyingi, ni unyayo unaokandamizwa kwenye tairi. Wapo watakaosema mtu wa namna hiyo hawezi kutajwa pamoja na mabingwa kwa kuwa mabingwa hawasukumi baiskeli kwa miguu. Hao wanaijua Tour de France ya televisheni tu. Milima mirefu ya Pyrenees ilipoingizwa katika mbio hizo mwaka 1910, Octave Lapize aliupanda Tourmalet akitembea kwa vipande huku akiisukuma baiskeli yake, na mwaka huohuo ndiye aliyetwaa ubingwa. Mitambo ya kubadilisha gia iliruhusiwa mwaka 1937 tu. Mwasisi wa mbio hizo, Henri Desgrange, aliamini kuwa mpando ni kazi ya miguu ya mtu. Kwa imani hiyo angejisikia nyumbani kabisa katika vilima vya Heru Juu, kule Kasulu.

Mwaka 1913, juu ya Tourmalet huohuo, Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele wakati akiwa na matumaini makubwa ya kushinda. Kanuni zilikataza msaada wowote. Akaitwika baiskeli begani, akateremka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akatafuta mhunzi. Mhunzi hakuruhusiwa kugusa kitu, na waamuzi walisimama pale kuhakikisha. Christophe, ambaye alijua kazi ya vyuma, aliwasha, akafua, akaunga uma wake mwenyewe kwa saa kadhaa. Alihitaji mikono miwili kwenye chuma, basi mtoto mmoja akamvutia mivukuto. Kwa kosa hilo la mivukuto aliongezewa dakika za adhabu, juu ya karibu saa nne alizokwisha kupoteza. Alimaliza Tour hiyo wa saba, na hakupata kuishinda hata mara moja katika maisha yake.

Mimi namweka miongoni mwa kumi bora wa nyakati zote. Mafundi wa baiskeli wa Kasulu, wanaokaa chini ya mwembe na kopo la gundi, pampu, na bakuli la maji la kutafutia tundu, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mwendeshaji wa mizigo anayekatikiwa cheni kati ya vijiji viwili hufanya kazi ya Christophe bila mwamuzi: anautua mzigo peke yake, anaunga, anaupandisha tena peke yake. Kuupandisha tena ndiko kugumu zaidi.

Kuna mambo mengine ambayo orodha za makombe huyapitia haraka. Fausto Coppi, aliyeshinda Giro mara 5 na Tour mwaka 1949 na 1952, alianza akiwa kijana wa kupeleka nyama. Mchinjaji wa mji wa Novi Ligure alimtuma kwa wateja na baiskeli, na miguu iliyokuja kuishangaza Ulaya ilijengwa na vifurushi vya nyama. Mpinzani wake, Gino Bartali, alibeba kitu kizito zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa tayari bingwa wa Tour ya 1938, aliendesha kati ya Firenze na Assisi akijifanya yuko mazoezini, na ndani ya mabomba ya fremu yake kulikuwa na karatasi: picha na vitambulisho vya kughushi vya kuwaokoa Wayahudi. Askari walimwona bingwa anayejinoa. Baada ya vita alirudi akashinda Tour ya 1948, miaka 10 baada ya ile ya kwanza, na habari za karatasi hakuzitangaza. Israel ilimtambua rasmi mwaka 2013, akiwa amekwisha kufa. Naomba anayepanga orodha na kumweka Bartali chini ya Anquetil na Indurain aniambie anapima nini.

Hata leo mbio za kulipwa zinasimama juu ya mabega ya wabebaji. Kila timu ina watu ambao kazi yao ni kurudi nyuma kwenye gari, kujaza chupa za maji ndani ya jezi mpaka mgongo unatuna, kisha kulifukuzia kundi na kuwagawia wenzao. Wanamkinga kiongozi na upepo, na ikibidi wanampa gurudumu lao. Majina yao hayaandikwi kwenye kombe. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikuwa mmoja wao katika Tour ya 2012: juu ya mlima alikuwa na nguvu kuliko kiongozi wake, Bradley Wiggins, akatangulia, kisha akapunguza na kumngoja. Alimaliza wa pili. Tour zake 4, kuanzia 2013, zilikuja baadaye. Na nyuma ya Froome yuko David Kinjah, Mkenya aliyemfundisha kuendesha kwenye vilima vya Kikuyu pamoja na vijana wa mtaani, na ambaye aliendelea kuwafundisha wengine baada ya mwanafunzi wake kuwa tajiri. Katika orodha yangu Kinjah hayumo kwenye kumi, lakini namtaja kila ninapomtaja Froome.

Jirani zetu wa Rwanda walielewa mapema kuliko sisi kwamba baiskeli ya mzigo na baiskeli ya mbio ni ndugu. Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alipofika huko aliona wakulima wakibeba kahawa kwa baiskeli, nyingine za mbao, akabuni baiskeli ndefu ya mizigo kwa ajili yao. Mbio zilizoandaliwa mwaka 2006 katika harakati hizohizo ndizo zilizofungua njia ya timu ya taifa, na baadhi ya vijana wake wa mwanzo walikuwa wamezoea kubeba abiria kwa baiskeli. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ukafanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, vilima juu ya vilima. Walioanza walizidi 160, waliomaliza ni 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alikwenda peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho. Kigali na Kibondo ziko kwenye mwinuko unaokaribiana, takriban mita 1,500, na mtu wa Kibondo aliyetazama wale mabingwa wakitweta kwenye mipando ya Kigali alikuwa anatazama barabara anayoijua.

Pale Goma, nchini Congo, ukingoni mwa Ziwa Kivu, wameisimamishia chukudu, baiskeli yao ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Kigoma tuna deni kama hilo.

Sasa nipange wanne wa juu katika orodha yangu. Wa kwanza ni Merckx, na si kwa sababu ya ile 525. Katika Tour ya 1969 alikuwa tayari anaongoza kwa zaidi ya dakika 8, angeweza kukaa nyuma ya wenzake mpaka Paris. Badala yake alitoka mbele kwenye Pyrenees akaenda karibu kilomita 140 peke yake, bila kungoja kubebwa na mtu. Wa pili Bartali. Wa tatu Coppi, na najua wapo Waitalia watakaobisha hadi kiyama kuhusu nani kati ya hao wawili atangulie. Wa nne Hinault, kwa ajili ya siku moja ya 1980, mbio za Liège–Bastogne–Liège zilipoangukiwa na theluji na wengi wakarudi hotelini: yeye alishinda kwa zaidi ya dakika 9, na vidole vyake viwili havikurudiwa na hisia kamili. Pogačar bado yuko barabarani na simpi namba mtu ambaye hajamaliza safari. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua 3 za Tour ya 2024 na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, nitamngoja pia.

Na yule wa mpandoni? Naye ni mwendeshaji wa kulipwa kama hao: wa kulipwa ni mtu anayeendesha kwa ujira, na yeye hulipwa kwa safari na kwa gunia. Bila yeye maharage ya vijijini yangeozea ghalani pale ambapo lori halifiki, na mkaa na ndizi mjini Kasulu vingekuwa na bei nyingine. Anayelalamika kwamba ameziba barabara, mara nyingi chakula chake cha usiku kimekuja kwa barabara hiyohiyo, juu ya keria.

Hashiki katikati kwa ukaidi. Kingo zimeliwa na maji ya mvua, na tairi nyembamba lenye mzigo mkubwa likiingia kwenye changarawe halitoki, mzigo unamwangukia. Kadiri lami inavyoongezeka katika barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, magari yanaongeza mwendo na nafasi yake inazidi kubana, kwa hiyo wanaojenga wamwachie bega pana la barabara, lisilofanywa maegesho. Na dereva, ukimkuta kwenye mpando, usimpigie honi kwa nyuma. Akishtuka atasimama, na baiskeli yenye magunia mawili ikisimama kwenye mpando haiondoki tena bila mtu wa pili kuishika. Kaa nyuma yake kwa umbali, gia ya kwanza, mpaka kileleni. Kama una utingo, mshushe akasukume.