Lori la Jeshi Lisilo na Jeshi

Gari la jeshi lina kasoro moja ambayo dalali wa mnada hakutajii: lilitengenezwa liwe na jeshi nyuma yake. Kambini lina dereva, lina fundi, lina karani wa stoo, lina vijana wa kutosha wa kulisukuma huku wanaimba. Ukilinunua wewe raia ukalileta hapa Nyamasaria, Kisumu, vyeo vyote hivyo vinakuangukia peke yako, pamoja na kile cha mlipa dizeli.

Langu ni Bedford MK, ukoo wa malori yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1970 kwa ajili ya jeshi la huko. Sura yake ni ileile ya Bedford TK ambayo wazee wetu waliizoea barabarani tangu miaka ya 60, ila hili limeinuliwa juu na magurudumu yake yote manne yanavuta. Injini ni ya dizeli, silinda 6, lita 5.4. Juu ya paa la kabini kuna tundu la askari kuchomoza kichwa akiangalia adui. Siku hizi linatumiwa na watoto wa ploti kuangalia kama mama zao wamesharudi sokoni. Ndugu zake walivusha watalii jangwa la Sahara kutoka London hadi Nairobi, habari ninayopenda kuisimulia hasa nikiwa nimekwama njia ya Mamboleo na matatu zinanipigia honi.

Injini yenyewe haiko mbele. Imejificha nyuma ya viti, na ukitaka kuiona unafungua kibao cha ubavuni, nyuma ya mlango. Kwa hiyo kila msamaria anayekuja kunisaidia hutafuta boneti kwanza, na wengi huondoka kabla hawajaipata, ushauri wakiwa wameshautoa.

Kisha kuna suala la spana. Bedford ni Mwingereza wa zamani, anapima kwa inchi. Fundi wangu wa kando ya barabara amekulia kwenye Toyota na spana zake ni za milimita, naye ana imani kwamba chuma ni chuma. Nati ya robo tatu ya inchi inamtetea, maana inaikubali 19 bila ubishi. Ya nusu inchi ndiyo inayomwaibisha: 13 inaingia vizuri, anavuta, inateleza, na kona za nati zinabaki mviringo. Halafu kuna ile ya 9/16, ambayo 14 haiingii na 15 inazunguka bure. Hapo nimemwona akikunja kipande cha bati la kopo la maziwa, akikisokomeza kati ya nati na spana ya 15, akainua uso na kuniambia, “Omera, hii gari haitaki haraka, inataka siasa.” Nati ilifunguka. Bati likabaki mle ndani mpaka leo.

Rangi nayo ina hadithi yake. Lilipokuja lilikuwa la kijani, na mimi niliipenda kijani hiyo. Lakini Kisumu si Nanyuki yenye kambi za jeshi. Hapa lori refu la kijani huja wakati wa uchaguzi, na haliji kwa heri. Mara ya kwanza kuliingiza mtaa wa Kondele nilishangaa jinsi njia ilivyofunguka mbele yangu. Wamama wakafunika nyanya, maduka yakaanza kuteremsha milango, na vijana wa boda wakawa wanaokota kitu chini kwa utulivu wa watu wenye uzoefu. Kabla sijafika chini ya daraja, mmoja wao akanitambua: “Acheni! Ni yule mzee wa Nyamasaria na takataka yake!” Sijawahi kushukuru tusi kiasi hicho. Wiki hiyohiyo nikanunua rangi nyeupe.

Basi mvua za 2024 zikaja. Wenyeji wanajua mambo ya huku: Mto Nyando ukivunja kingo, uwanda wa Kano wote ni maji, na ule udongo mweusi ukilowa haumjui tajiri wala maskini. Probox zililala kwenye tope hadi madirishani. Lori langu, ambalo mke wangu alikuwa ameshaliita mke mwenza, likawa linapita kwenye maji likinguruma taratibu, na ghafla nikawa na jeshi. Mama mmoja muuza omena alipanda nyuma bila kuombwa, akajipa usajini. “Kuku huku! Magodoro juu! Mbuzi wa nani huyu amefungwa kwenye redio?” Nilipojaribu kueleza kwamba lori hubeba tani 4 na mzigo hupangwa kwa uzito, akanitazama tu. “Jaduong', shuka kwanza ushike kabati. Hesabu utafanya ukifika.”

Maji yalipopungua, nikaombwa kupeleka viti na hema la matanga Ahero. Njiani injini ikakohoa, ikazima. Ilikuwa imevuta upepo kwenye dizeli, na dawa yake ni moja: unalegeza skrubu ya juu ya filta, unafinya kile kijiti cha pampu kwa kidole gumba, povu linatoka, unafinya tena, mpaka dizeli ije safi bila povu, ndipo unakaza. Ni kazi ya subira, na kichwa chako kimeingia ubavuni mwa lori, huoni nyuma.

Nilipokitoa, nyuma kulikuwa na foleni. Lori jeupe, refu, lenye turubai, limesimama kando ya barabara msimu wa mafuriko: watu walikuwa wamefika na magunia na vitambulisho mkononi. Mzee wa heshima alikuwa ameshapanga wamama upande mmoja na wazee upande mwingine, akaniuliza kwa adabu kama majina nitaandika mimi au aandike yeye. Nikafungua turubai. Viti vya plastiki. Kukawa kimya kidogo, kisha bibi mmoja akasema kwamba serikali sasa imezidi, mtu anaomba unga analetewa pa kukaa.

Betri zilikuwa zimekufa kwa kupiga stata. Nikawaeleza ukweli wote, na hao hao waliokosa unga wakaweka magunia chini wakalisukuma mpaka likawaka, wanaimba. Viti vilifika kabla ya mazishi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama marehemu babu yako alikuachia seti ya spana za inchi na unafikiria kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pitia kwangu kwanza. Nyamasaria uliza lori jeupe, hata mtoto atakuonyesha. Ila tafadhali, njoo bila gunia.