Nyonga Mpya: Kisu Kipitie Wapi?

Haya, nyonga imesagika na daktari bingwa wa mifupa amesema ibadilishwe. Ndugu wanauliza bei. Wewe uliza njia, maana ndiyo itakayoamua wiki zako za mwanzo zitakuwaje. Tuanzie ya tano tushuke.

5. Kukata mfupa. John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, aliyeanza kuweka nyonga bandia ya kisasa mwaka 1962, alikikata kinundu cha juu ya paja, kisha akakifunga kwa waya. Hapo unauguza viwili: kiungo kipya na mfupa uliokatwa kwa makusudi. Siku hizi ni njia ya upasuaji mgumu tu.

4. Ubavuni. Hapa huachanishwa sehemu ya msuli unaokuzuia usilalie upande ukisimama kwa mguu mmoja. Nyonga haichomoki ovyo, heko! Msuli usipopona vizuri, utachechemea na mtaa mzima utakupa pole kila asubuhi.

3. Nyuma. Daktari anaona vizuri, na msuli ule wa ubavuni unasalimika. Hofu ni nyonga kuchomokea nyuma, ingawa kukishona vyema kifuko cha kiungo kumeipunguza sana. Hata hivyo wengi huambiwa kwa wiki kadhaa: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, usipishanishe miguu, usigeuzie mguu ndani. Yalete hayo nyumbani sasa! Choo cha kuchuchumaa, hapana. Mkekani, hapana. Swala, kwenye kiti. Kukalia mbuzi ukune nazi, hapana kabisa. Wakune wajukuu, nyonga zao bado nzima. Na kiti cha kuinulia choo kitafutwe kabla ya upasuaji.

2. Mbele. Kisu hupenya kati ya misuli bila kuikata, ndiyo maana maumivu ya mwanzo mara nyingi hupungua na magongo huwekwa kando mapema. Wengine hubaki na ganzi upande wa nje wa paja. Tena ni njia ngumu kujifunza, basi usiwe daftari la daktari anayeanza. Ikipita miezi michache, wa mbele na wa nyuma hutembea karibu sawa.

1. Mkono uliozoea. Daktari aliyeirudia njia yake mara nyingi, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakayekusimamisha siku ileile au kesho yake, ndio wa kwanza kwangu. Waulize bila haya: mnapitia wapi, mmefanya ngapi, nitaruhusiwa lini kuchuchumaa? Usitie saini kabla hujajibiwa yote matatu.