Nakala Yangu Iko Wapi?

Tangu riwaya yangu itoke Dar es Salaam, kituo cha treni cha Jakobsberg, hapa Sweden ninakoishi, nakipita nimeinamisha kichwa. Haisaidii. Kila Mswahili anayeshuka na mifuko yake ananiuliza lilelile: "Kaka, nakala yangu iko wapi?"

Nakala yake!

Mkataba ndio ulioniponza. Umeandika kwamba nitapewa "nakala za mwandishi" 10 bila malipo. Shemeji aliuchungulia (nani alimkaribisha?), akafika hapo kwenye "bila malipo", akaufunga. Sasa kila hitima na kila harusi watu wanazigombea nakala zangu kama minofu kwenye sinia la pilau.

Jirani wa ghorofa ya chini ameshika neno jingine, mrabaha. Bei ya jalada shilingi 20,000, mrabaha asilimia 10, basi mimi naingiza 2,000 kila nakala, na Waswahili ni mamilioni. Ameshaanza kunikopa. Jirani, nikamwambia, uliza kwanza asilimia 10 ya nini. Mkataba wangu hauhesabu bei ya jalada, unahesabu kile kinachomfikia mchapishaji. Mwenye duka akipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 12,000, mimi 1,200, na kodi bado inanisubiri. Hiyo hapa kituoni hainunui hata kahawa. Akacheka, akasema matajiri wote ndivyo wanavyolia.

Malipo ya awali naye kayasikia, anadhani ni bakshishi. Wapi! Hukatwa kwenye mrabaha huohuo mpaka yaishe. Isitoshe, mimi sikupewa.

Mzee mmoja wa msikitini aliziona tarakimu 13 nyuma ya jalada akanishika mkono kwa heshima: "Hongera mwanangu, serikali imekipitisha." Mzee wangu, hiyo ni ISBN, na kitabu kibovu nacho hupewa. 978 inasema hiki ni kitabu, 9987 inasema kimetoka Tanzania, zinazofuata ni za mchapishaji na za kitabu chenyewe, ya mwisho inahakiki hesabu ya wenzake. Katika zote 13 hakuna hata moja iliyosoma sura ya kwanza. Wala yeye hajaisoma, anangoja nakala.

Neno lenye faida kwangu hakuna aliyeniuliza, maana halimo hata kwenye mkataba: fidia ya maktaba. Tangu 1954 Sweden inawalipa waandishi vitabu vyao vinapoazimwa, kupitia mfuko uitwao Sveriges författarfond, na mwandishi mkaazi wa hapa anahesabiwa hata akiandika Kiswahili. Ila mpaka uanze kuonja senti, kitabu kiwe kimeazimwa sana, sana.

Kwa hiyo nakala ya mwisho nimeipeleka maktaba ya Jakobsberg. Shemeji, jirani, mzee wangu: kuazima hakuna malipo, kaazimeni. Mkimaliza rudisheni, kisha muazime tena.