Muulize Anko Pedi: Harusi Yangu Imegongana na Gemu

Barua za wiki hii ni nyingi kuliko pedi nilizowahi kuzichomelea waya, na hizo si chache. Kwa mgeni wa ukurasa huu: niliendesha kibanda cha PlayStation Tanga kwa miaka tisa. Nilikuwa na TV nne za chogo, feni moja na benchi la watoto ambao mama zao waliamini wako tuisheni. Cheti cha ushauri sina. Nimeamua ugomvi wa penalti kwa shilingi mia mbili mechi, anayefungwa anatoka, na sijawahi kukatiwa rufaa.

*Anko, shikamoo. Niliomba likizo ya mwaka ianze tarehe 26 Mei 2026, siku ya kutoka GTA VI. Ili mambo yasigongane, nikamwambia mchumba wangu harusi iwe Novemba, Jumamosi ya tarehe 21. Alifurahi hadi akalia. Sasa gemu imesogezwa mpaka Alhamisi ya tarehe 19 Novemba. Kadi za michango zimeshachapishwa. Nifanyeje? Kwa upande wangu niko tayari, PS4 nimeshaipuliza vumbi.*
Bwana Harusi Mtarajiwa, Morogoro

Marahaba, Bwana Harusi. Posa haipelekwi kabla ya kuchunguza ukoo, na wewe ukoo huu hukuuchunguza. GTA IV iliahidiwa Oktoba 2007, ikafika Aprili 2008. GTA V nayo ilipita tarehe yake ya kwanza, ikaja 17 Septemba 2013. Binamu yao, Red Dead Redemption 2, aliahirishwa mara mbili kabla ya kuonekana Oktoba 2018. Huyu wa sasa trela yake ya kwanza ilitoka Desemba 2023, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 ndani ya saa 24, na tukaambiwa tusubiri 2025. Mwaka huo ulipofika ikawa Mei 2026, halafu Mei ikawa Novemba. Jirani yangu alijifungua mwezi ule ilipotoka GTA V. Mtoto yule sasa anabadilika sauti.

Hasira na watengenezaji wake sina, maana najua kwa nini hawakimbii. GTA V imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na upande wake wa mtandaoni, uliofunguliwa Oktoba 2013, bado unawaingizia pesa kila siku. Mwenye duka lenye foleni mpaka mlangoni hafungui duka la pili usiku wa manane. Na hao wanaokimbia tumewaona pia. Cyberpunk 2077 iliahirishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020, kisha ikasukumwa sokoni tarehe 10 Desemba ikiwa bado mbichi. Kwenye PS4 ilikuwa inakwama, inazima, inarudi, inazima. Wiki mbili hazikuisha, Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, na haikurudi mpaka Juni 2021. Sote tunamjua fundi cherehani anayekwambia "njoo Ijumaa". Mbaya zaidi ni yule anayekupa suruali Ijumaa kweli, ukafika nyumbani ukakuta haina zipu.

Kwa hiyo tarehe ya harusi usiiguse. Watu wakishachanga wamechanga, na hakuna kamati Morogoro itakayosimama mbele ya wachangaji kueleza habari za Vice City, mji wa kwenye gemu. Alhamisi gemu itoke, Ijumaa uende kwa kinyozi, Jumamosi uoe. Ukiifungua Desemba utakuta wenzako wa siku ya kwanza wameshaonja mboga, wameshalalamika chumvi, na wapishi wameshaongeza.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nikarudia mstari wako wa mwisho, nikavua miwani. PS4? Mwanangu, GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S. Umelipia ukumbi, umelipia bendi, na bibi harusi hujamposa. Zungumza na mwenyekiti wa kamati kwa upole. Hakosekani mjomba aliyepanga kukupa friji, na mjomba huwa anashawishika.

*Anko, mume wangu ameuza pikipiki akanunua PS5 Pro. Jana katoa CD zake thelathini kabatini, akaizunguka ile mashine mara tatu akitafuta pa kuziingiza. Hapana. Tangu hapo amenuna, hata chai hataki. Nimcheke ama nimhurumie?*
Mke wa Mnunaji, Mombasa

Dada yangu, anza kwa kumcheka, maana nafasi kama hii haitarudi. Halafu mpelekee chai.

PS5 Pro ilitoka 7 Novemba 2024, Marekani kwa dola 699.99, na kisomea CD hakimo. Kinauzwa peke yake, kinapachikwa ubavuni, na mara ya kwanza lazima mashine iingie intaneti ndipo wakubaliane. Mtu ananunua nyumba, anaambiwa mlango una bei yake. Mwambie bwana atafute hicho kisomea kabla hajaanza kuzigawa CD zile kwa hasira, maana zina thamani kuliko anavyodhani.

Hapa naacha utani kidogo. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la mtandaoni la PlayStation. Ndiyo maana vijana wetu wengi, kwa mujibu wa akaunti zao, wanaishi Marekani au Uingereza, na wanalipa kwa kadi za zawadi wanazouziana mtandaoni. Siku zote hujisikia salama, mpaka mwenye duka akumbuke kuangalia ramani. Mei 2024 Sony ilitaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Ghafla gemu ikaacha kuuzwa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, kwa kuwa huko akaunti hiyo haitolewi. Watu walipiga kelele dunia nzima, na Sony ikalifuta sharti lake ndani ya siku chache. Sisi tulijumuishwa katika hesabu ya wasiohesabiwa.

CD haikuulizi unaishi wapi. Unaiazima, unaiuza ukiishiwa, unamwachia mwanao. Akaunti sijui kadhi ataigawa kwa fungu gani.

*Mwanangu Anko Pedi, nimemnunulia mjukuu gemu ya Switch 2 hapa Muscat. Boksi zuri, kikadi kimo ndani. Ametia kikadi, mashine inamwambia apakue gemu kwa intaneti. Basi mimi nimenunua nini? Nirudi dukani nikagombane nao?*
Bibi wa Mwana, Muscat

Shikamoo Bibi. Usigombane na kijana wa dukani, naye kaletewa hivyo hivyo.

Umenunua ufunguo. Tangu Switch 2 itoke tarehe 5 Juni 2025, Nintendo imewaruhusu watengenezaji kuuza kadi isiyo na gemu ndani, kazi yake ni kuthibitisha kwamba umelipa. Gemu yenyewe inashushwa kutoka kwenye mtandao, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwe ndani. Kisa chake ni gharama, kwani kadi yenye nafasi kubwa ni ghali kutengeneza. Wema wake ni mmoja: mjukuu akichoka, kadi hiyo anaweza kuiuza au kumwazima binamu. Ubaya wake utauona siku ambayo mtandao wa kupakulia utafungwa, ambapo atabaki na kipande cha plastiki na kumbukumbu ya bibi yake.

Tena wanaotaka wanaweza. Ile Cyberpunk niliyoisema hapo juu, iliyoaibika mbele ya watu, kwenye Switch 2 imekuja nzima ndani ya kadi ya gigabaiti 64. Mtoto aliyerudia darasa siku hizi ndiye anayewafundisha wenzake. Siku nyingine, Bibi, tazama sehemu ya chini ya uso wa boksi kabla ya kutoa riali. Alama ya ufunguo ikiwapo, ujue unanunua ufunguo.

*Anko, kila Septemba nanunua mpira mpya wa EA, na kila Septemba naona ni ule ule, jezi tu zimebadilika. Mwaka huu niache?*
Kinyozi, Mwanza

Kinyozi, na wewe kila mwezi unamnyoa mtu kichwa kile kile. Hajalalamika.

Lakini una hoja. EA walipoachana na FIFA, toleo la FIFA 23 likawa la mwisho kwa jina lile, na Septemba 2023 gemu ikarudi ikiitwa EA Sports FC 24. Talaka ile ilizungumzwa kuliko mpira wenyewe. Dawa yangu ni kuchelewa makusudi: nunua mwezi Juni, bei imeshashuka, na ucheze wakati wenzako wanasubiri lijalo. Kama shida ni pesa, eFootball ya Konami ni ya bure. Ilipozaliwa Septemba 2021 ilikuwa na nyuso za kutisha watoto, picha zake zikazunguka duniani kama kichekesho, ila tangu hapo imepata matibabu. Mimi bado nawadai Konami. Waliichukua PES, gemu iliyolipa kodi ya kibanda changu, iliyonilipia ada ya mdogo wangu, wakaizika chini ya jina lisilotamkika na mtu mwenye njaa. Msiniulize tena habari hii.

*Anko, Half-Life 3 inatoka lini?*
Mvumilivu, Kigoma

Wasalimie wajukuu.

(Nimeona jibu hili ni kali, niongeze. Hollow Knight: Silksong ilitangazwa Februari 2019, watu wakaisubiri mpaka wakageuza kusubiri kuwa utani. Ilipotoka tarehe 4 Septemba 2025 kwa dola 20, maduka ya mtandaoni yalizidiwa hadi yakagoma kufunguka. Kwa hiyo mambo hutokea. Hilo lako, lakini, wasalimie wajukuu.)

*Anko, nina PS2 nyeusi, ile nene. Nilikuwa naiweka chini juu ndiyo isome CD, siku hizi inasoma hata ikikaa sawa, sijui imepona vipi. Ina pedi mbili, memori kadi moja, na CD kumi na nne za kuchoma. Nataka kuiuza nianze kudunduliza PS5. Unanishauri?*
Kijana wa Bujumbura

Kijana wangu, PS5 ni mashine nzuri, na kudunduliza ni tabia njema. Lakini siku utakayofikisha hela ya PS5 watakuwa wanatangaza trela ya PS6, na wewe utakuwa umekaa miezi kumi bila cha kucheza. Hiyo uliyonayo ilitoka mwaka 2000, imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na haijawahi kumuuliza mtu bando. Usiiuze, sikiliza maneno ya mtu mzima.

Ila kama umeamua kabisa, yangu lenzi imekufa tangu Machi. Ndani ya zile kumi na nne, mna Winning Eleven? Memori kadi usiifute. Nitumie bei.