Mzee Nuli na Watoto Wake

Mkulima mwenye watoto wengi kuliko wote katika uwanda wa Makonde hajawahi kuonekana na mtu. Hana shamba linalojulikana, hajapeleka ghalani hata gunia moja la korosho, na hakuna balozi wa nyumba kumi aliyewahi kumwandika. Lakini siku AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, huko Newala ilipobandika ukutani orodha ya wakulima wa kupewa salfa ya ruzuku, jina lake lilijaa kila ukurasa, palepale katikati, kwenye nafasi ya jina la baba. NULL. NULL. NULL.

“Huyu Nuli ni mtu wa wapi?” bibi mmoja aliuliza, kidole kimeganda kwenye karatasi.

“Atakuwa wa Masasi,” akajibiwa. “Huko bondeni watu wana nafasi.”

Kufika adhuhuri, watu waliokuwa majirani tu walishakuwa ndugu wa baba mmoja. Kijana aliyekwishapeleka posa aliitwa pembeni na wazee aeleze imekuwaje yeye na mchumba wake wote ni wa Nuli. Wenye akili ya haraka zaidi walikuwa na jibu jingine. Mwaka 2016 nchi nzima walisakwa wafanyakazi hewa, majina yanayolipwa mishahara bila watu. Basi huyu ni mkulima hewa, na mifuko yake ya salfa iko uvunguni kwa mtu.

Ndipo nikaitwa mimi, fundi wa kompyuta kutoka Masasi mjini, nipande Newala nimtafute mzee huyo.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani watu walikuwa wanakuza jambo. Hapana. Huku mkorosho usipopuliziwa salfa, ubwiri unga unashambulia maua, na ua likienda na korosho imekwenda. Tangu msimu wa 2007/08 tunauza kwa stakabadhi ghalani: mzigo unapitia chama, fedha inapitia benki, na katikati yao ni jina lako na namba zako. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa kuwasaka wafanya kangomba, walanguzi wanaonunua korosho za wakulima nje ya mfumo. Tangu hapo mtu wa huku akiona orodha ukutani hutafuta jina lake kwanza, salamu baadaye.

Nilifungua kompyuta ya chama. Programu ya kuhariri kanzidata inaonyesha jedwali lenye mistari na safu. Kisanduku ambacho hakijawahi kuwekwa kitu kinaandika chenyewe neno NULL kwa rangi ya kijivu, hafifu, kuashiria kwamba hapa hakuna taarifa. Ukiingia kwenye kisanduku ukafuta kilichomo, kinabaki cheupe: hapo umeweka maandishi, ila maandishi yenyewe hayana herufi hata moja. Ukitaka kirudi kuwa NULL, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua amri yake. Sasa kijana wa kuingiza taarifa aliambiwa na wakubwa zake, “Palipo wazi pote pawe NULL.” Kwa utiifu wote aliolelewa nao, akachapa N, akachapa U, akachapa L mbili. Hilo si pengo tena; hilo ni jina la mtu. Kwenye kioo rangi ingemuumbua, lakini mashine ya kuchapa ya chama ina wino mweusi tu, na kwenye wino mweusi wote ni watoto wa baba mmoja.

Watu wa Newala hawahitaji ubao kuelewa tofauti hizi. Maji ya uwandani yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na yakichelewa foleni ya bomba inakuwa ndefu. Ndoo tupu kwenye foleni ina nafasi yake, ina mwenyewe, na ole wako uiruke. Asiye na ndoo hayumo kwenye foleni. Kanzidata inahesabu hivyohivyo: kisanduku cheupe ni ndoo iliyopangwa, NULL ni mtu ambaye hajaja na ndoo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotuletea kisa cha simu. Safu ya namba za simu ilikuwa imewekewa sharti kwamba namba isijirudie, wazo zuri kabisa. Mzee wa kwanza asiye na simu alipofika, kijana alifuta kilichomo akaacha peupe, kompyuta ikapokea. Akaja wa pili. Kompyuta ikakataa: namba hii imeshasajiliwa.

“Imesajiliwa na nani, mwanangu, na mimi sina?”

“Na babu yule aliyetangulia.”

“Kwani yeye anayo?”

“Hana, babu.”

“Sasa kanizuiaje?”

Swali hilo lina kichwa na miguu. Katika kanzidata nyingi, kwa NULL ya kweli wasio na simu wangeingia hata elfu, maana NULL moja hailinganishwi na nyingine. Hazijulikani zote mbili, utasemaje zimefanana? Lakini peupe na peupe ni kitu kimoja, na kitu kimoja hakisajiliwi mara mbili. Kijana hakukata tamaa. Wa pili akamwandikia “hana”. Wa tatu, kwa kuwa “hana” imeshachukuliwa, akaandikiwa “hana simu”. Nikashuka na safu ile nikikutana na “hana bado”, “hana kabisa”, “hana tena”, na mmoja aliyepewa “aliuza”. Ukiisoma kutoka juu hadi chini, ni historia nzuri ya kijiji.

Baadaye ofisa mmoja akataka kujua wakulima wangapi wana simu. Ukiiambia kompyuta ihesabu safu, inaruka NULL na kuhesabu kila kingine, cheupe kikiwemo, “hana kabisa” ikiwemo. Jibu likatoka: wote. Taarifa ikasomwa kikaoni kwamba kijiji kizima kimeingia kwenye mawasiliano ya kisasa. Watu wakapiga makofi. Azimio likapita kwamba matangazo ya mnada wa korosho yasibandikwe tena, yatumwe kwa meseji.

Tarehe za kuzaliwa zilikuwa na mambo yake. Kanzidata zinatofautiana: ukiipa safu ya tarehe maandishi yasiyo na herufi, ipo inayogoma, ipo inayojaza masifuri, na ipo inayokubali kwa tabasamu na kuandika Januari mosi, 1900. Yetu ilikuwa hiyo ya tabasamu. Bibi mmoja aliyekuja na jembe begani, akitoka kupalilia, alionekana kuzaliwa kabla ya Vita vya Maji Maji.

“Kwa mujibu wa kompyuta, bibi,” nilimwambia, “ulikuwa na miaka sita yule Mjerumani Karl Weule alipofika hapa Newala mwaka 1906 na mashine yake ya kunasa nyimbo za watu.”

Akafikiri. “Niliimba?”

“Haijaandikwa.”

“Angalia vizuri. Kama niliimba, kuna malipo.”

Tiba yake ilikuwa rahisi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa kitambulisho, na kwa sekunde chache akapunguza umri mwingi kuliko dawa yoyote inayouzwa mnadani.

Hatari kubwa ilikuwa bado. Kuna aliyeshauri tusafishe kwa mkupuo: kila penye “sijui”, “haijulikani” na maneno ya jamaa hiyo, kompyuta ipageuze pote kuwa NULL. Mshauri huyo hakuwa mtu wa kwetu. Kusini huku tunao akina Sikujua, akina Sijali, akina Sijaona, majina waliyopewa kwa sababu ambazo familia zao zinazijua. Mkupuo ulipojaribiwa kwenye nakala, mama mmoja, Sikujua, alibaki na jina la ukoo tu. Alipoitwa asaini, akaelezwa kuwa kompyuta ilidhani ni jibu. Akasema, “Ni jina. Na jibu langu ni kwamba nataka salfa yangu.”

Hata kule Marekani kompyuta zimewahi kukosea hivyo: katika jimbo la California, jamaa mmoja alisajili gari lake kwa kibao kilichoandikwa NULL. Zikaanza kumfikia faini za magari ya watu wengine, zile ambazo namba ya gari haikujazwa, hadi zikapita dola 12,000; alikisimulia kisa hicho Las Vegas mwaka 2019. Lakini yeye alijitakia. Mama Sikujua alipewa jina na bibi yake.

Aliyebuni kanzidata za majedwali, Edgar Codd, Mwingereza aliyeandika wazo lake mwaka 1970 akiwa IBM, aliliona tatizo. Baadaye alipendekeza alama mbili: moja ya kitu kilichopo ila hatukijui, nyingine ya kitu kisichomhusu mtu kabisa. Watengeneza programu wakaona usumbufu, tukabaki na NULL moja inayobeba yote. Angekuja Newala angeongeza ya tatu. Nilipowauliza watu mmojammoja kuhusu pengo la jina la baba, wapo ambao karani hakuwauliza, wapo wasiomjua, na wapo wanaomjua vizuri sana na ndiyo maana hawamtaji. Kwa Wamakonde, na hata kwa Wamakua na Wayao, ukoo kwa jadi unakwenda kwa mama; ndiyo maana mmoja aliniambia bila haya, “Andika mjomba, ndiye anayenijua.” Programu haina safu ya mjomba.

Kwa hiyo tuliacha mikupuo. Tulikaa chini ya mwembe na orodha, tukauliza. Fomu ikapata vijisanduku vya kutiki: hana, hajui, hataki kusema, hajaulizwa. Sharti la namba likalegezwa, wale wa “hana kabisa” wakapata NULL yao halali, na matangazo ya mnada yakarudi ukutani. Nilidhani nimefunga kazi, mpaka akaja mzee wa mwisho kwenye foleni.

“Shikamoo babu. Una simu?”

“Marahaba. Ninayo.”

“Naomba namba.”

“Imo humohumo ndani ya simu.”

“Na simu iko wapi?”

“Dukani, inachajiwa. Imezima.”

Nikatazama vijisanduku vyangu vinne. Anayo, kwa hiyo si hana. Anataka kusema. Ameulizwa. Na hajui, ila si kwamba haijulikani.

“Mbona unahangaika, mjukuu wangu?” akasema. “Wewe nipigie tu, namba itatokea kwako.”