Haraka ya Nini?

Wanafunzi wa uzamivu hawana shukrani. Wananung'unika eti msimamizi amekaa na sura ya pili mwaka mzima. Kwani anakimbizwa? Tembo hubeba mimba miezi 22 na hajawahi kumwandikia barua mkuu wa idara. Ni kweli, reli ya Mombasa ilianza 1896 na kufika Kisumu 1901, simba wa Tsavo wakiwala vibarua njiani. Lakini reli haina mapitio ya maandiko.

Na sura ikirudi, inarudi na neema. Kurasa zote safi kama zilivyokwenda, duara la kikombe cha chai kwenye jalada, na huko ukurasa wa tatu, kwa kalamu nyekundu, koma moja. Pembeni: "Fafanua." Ufafanue koma? Hapo ndipo utafiti unapoanza, ndugu yangu.

Ada ya mwaka mwingine utalipa, naam. Ulitaka elimu ya bure? Tena makala ikichapishwa, Profesa hukupunguzia mzigo wa umaarufu: jina lake linatangulia juani, lako linafuata nyuma, kivulini, lisije likaungua.